Nyumba Isiyovuja

Jina la Mama Valvu alipewa kwa kejeli. Hakuwa na mtoto, na waliomwita hivyo mara ya kwanza walijua fika kwamba hana. Ndiyo maana waliona linachekesha. Yeye akalichukua jina lile lile akaliandika kwa rangi nyekundu kwenye sanduku lake la spana, herufi kubwa kubwa, ili anayetaka kucheka acheke akiwa bado mbali, na akishafika karibu aseme shida iliyomleta. Na shida hazikukosekana. Mji ule ulikuwa na baridi ya kuingia mifupani. Kila nyumba ya zamani ilikuwa na boila chumba cha chini na rejeta za maji moto ukutani za kupashia vyumba, na kila boila lilikuwa na siku yake ya kununa.

Kazi ya mabomba na boila alifundishwa na mjomba wake, mtu mwenye kovu lililoanzia sikioni likapotelea ndani ya ukosi wa shati. Mjomba hakuwa na subira na kiumbe yeyote, ila mabomba. Wanaume wa ukoo walipomwambia kwamba msichana hashuki chumba cha boila, alijibu kwamba yeye alikuwa ameshuka huko maisha yake yote na boila halijamuuliza hata siku moja kama ni mume au mke. Somo la kwanza alilompa mpwa wake lilikuwa fupi. Moto na maji, alisema, hawapatani. Ukiwafungia chumba kimoja, waachie mlango. Binti alitazama lile kovu, akaona adabu haimruhusu kuuliza zaidi.

Baadaye aliolewa, akaachika. Mume alitaka mke ambaye mikono yake hainuki kutu, na mke alitaka mume asiyenusanusa mikono ya watu. Akarudi kwao na masanduku mawili, la nguo na la spana, na lililowatoa jasho wabebaji ni hilo la pili. Baba alikuwa ameshafariki, nyumba iko chini ya kaka yake mkubwa. Kaka alimpa chumba kilicho kando ya ngazi ya kushukia chini, akasema kwamba nyumba ya baba ni ya watoto wote. Maneno mazuri hayo. Lakini mwanamke aliyerudi kwao hula chakula chake masikio yamesimama, na Mama Valvu alijua kwamba neno "wote" linaweza kupungua siku yoyote kaka akiamka vibaya.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe, ya ghorofa moja, na mwenye sauti ya mwisho humo hakuwa kaka wala dada. Alikuwa mama yao. Mama alikuwa ameshazeeka, macho yamepungua, lakini masikio yalikuwa ya paka. Kitu asichoweza kukivumilia duniani ni tone la maji. Tangu watoto wake wadogo, sheria ilikuwa moja: yeyote atakayesikia maji yanadondoka mahali, hata akiwa na tonge mdomoni, atainuka, atayatafuta, atayaziba, ndipo akae tena. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema, na akaisema methali hiyo kila juma kama vile ndiyo kwanza ameitunga. Wageni waliokanyaga kizingiti waliambiwa "nyumba hii haivuji" kabla hata hawajaulizwa habari za huko watokako. Mama Valvu mwenyewe alianza ufundi hivyo, mtoto wa kwenda chini ya sinki na kitambaa, akishindana na kaka yake nani atalifikia tone mwanzo.

Basi siku ya mambo haya, bintiye kaka alikuwa ametoka kujifungua. Kaka ni mjane, na binti huyo ndiye mboni ya jicho lake. Ilikubaliwa kwamba akitoka hospitali aje kwa baba yake apumzike, atunzwe na bibi na shangazi. Jioni ile ile wakwe wangekuja kumwona mtoto. Kaka alikuwa ametundika mapazia mapya, amepiga viti rangi, amefuta vumbi hata juu ya milango ambako hakuna mkwe anayechungulia. Nje mvua ya baridi ilikuwa inanyesha bila haraka. Asubuhi akamwambia dada yake awashe boila mapema, ili mtoto akifika nyumba iwe imeiva.

Dada alishuka. Chumba cha boila kilikuwa safi kuliko majiko ya watu wengine. Mama alikisugua sakafu kila mwezi. Katikati lilisimama boila la kuni, chuma cheusi chenye tumbo, na mlango mzito wa kutilia kuni. Ubavuni juu ilikaa valvu ya usalama, kitu cha shaba kisichozidi ngumi. Kazi yake ni moja. Maji yakipata moto kupita kiasi, presha ikapanda, yenyewe hujifungua na kutema. Ina kishikio kidogo juu yake cha kuijaribia. Alivyofundishwa na Mjomba, na alivyofanya kila nyumba aliyoingia, ni kwamba hawashi moto wa kwanza wa msimu wa baridi kabla hajanyanyua kile kishikio na kuona valvu imetema.

Akanyanyua. Hakikutoka kitu.

Akapeleka vidole chini ya mdomo wa valvu, vikagusa mti. Kulikuwa na kigingi kimegongewa ndani, kimekatwa sawasawa na ukingo wa shaba, kikafungwa na mpira wa tairi la baiskeli. Kazi safi kabisa, ya mtu mwenye subira. Alikichomoa kwa koleo, akanyanyua kishikio tena, akasubiri. Kimya kile kile. Ndani, springi ilikuwa imeshikwa na ukoko wa magadi, ule unaoota chini ya birika, na sasa ilikuwa valvu kwa sura tu.

Lakini mtu hazibi mlango bure, akawaza, na mtu haizibi valvu isiyodondosha. Ilikuwa inadondosha kwa nini? Akafungua koki ya chini ya kumwagia. Maji yalitoka kwa nguvu, yakapungua, yakakata. Akapanda ngazi zote mpaka darini, kwenye tangi dogo linalolisha mfumo mzima, akalikuta limejaa hadi juu, halijapungua hata inchi moja. Hapo akaelewa. Bomba linaloshuka kutoka tangi lile ndilo linalopokea maji yakivimba kwa moto na kuyarudisha yakipoa. Lilikuwa limeziba kwa tope la kutu. Valvu chini ilianza kudondosha kwa sababu maji yalikuwa yanatafuta pa kupumulia, na mtu akaja akaiziba mdomo. Boila halikuwa na mlango hata mmoja wa kupumulia.

Akamfuata kaka sebuleni akamwambia boila haliwaki leo.

Kaka kwanza alicheka, akidhani ni maneno ya kuongezewa chai. Aliponyooshewa kigingi, kicheko kikamwishia, lakini hakushangaa, na dada aliona kwamba hakushangaa. Akasema kigingi hicho kilikuwamo tangu katikati ya msimu uliopita, boila likawashwa, watu wakaota joto, na hakuna aliyekufa. Dada akasema mtu akivuka barabara amefumba macho akafika ng'ambo, hatumfundishi mtoto kuvuka hivyo. Kaka akasema atawasha mwenyewe, yeye amewasha moto kabla dada yake hajajua kufunga viatu. Akainuka.

"Na maji ya moto hayachomi nyumba," akamalizia.

"Hayaichomi, kaka. Yanaibomoa."

Dada akamtangulia kushuka ngazi, na kwa umri wake alishuka kama msichana. Kaka alipofika chini alimkuta ameshachomoa pini ya mlango wa boila, ameutoa mpini wake wa chuma, ameutumbukiza mfuko wa ovaroli. Mlango ule bila mpini ni ukuta. Kaka aliusukuma, akauvuta kwa kucha, akautazama dada yake. Wahenga walishasema nani hukata, aliyeshika mpini au aliyeshika makali, na hapo hapakuwa na haja ya kuwauliza tena.

Kaka hakumgusa. Si mtu wa kupiga. Alipanda juu, akaenda chumbani kwa dada, akalitoa sanduku la spana kwa mikono yake miwili, akilikokota na kulinyanyua, akaliweka barazani karibu na mlango wa kutokea, herufi nyekundu zikitazama barabara. Akasema sanduku limetangulia, mwenyewe atalifuata asubuhi. Dada akapita kando yake, akaliinamia, akachukua spana mbili na waya wa breki ya baiskeli anaouzibulia mabomba, akalifunga, akaliacha pale pale. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda, na wote wawili walilijua hilo.

Akapanda darini. Asubuhi yote alikuwa huko, amelala kifudifudi kwenye mbao, akiusukuma ule waya ndani ya bomba na kuuvuta, na tope jekundu likitoka kidogo kidogo kama sharubati ya kutu. Hatimaye maji ya tangi yakateremka kwa mlio, na nyumba nzima ikagugumia ukutani. Mama, huko jikoni, aliuliza kwa sauti nini kinavuja.

Njia moja sasa ilikuwa wazi. Kuhusu valvu, alikuwa ameshampigia simu mwenye duka la vipuri, akaambiwa ya saizi ile haipo, itafika na mzigo wa asubuhi. Kaka naye hakukaa bure. Alikuwa amekwenda kumleta fundi mwingine, kijana mmoja mchangamfu anayejulikana mtaani kwa jina la Chapuchapu, ambaye hana ubaya na mtu na ambaye hajawahi kumaliza kazi kwa kuchelewa wala kwa kuridhisha.

Chapuchapu alishuka, akamwamkia Mama Valvu kwa heshima, akanyanyua kishikio, akaona. Akapewa habari za bomba. Akakuna kichwa, akasema kwamba kwa maoni yake, bomba likishazibuka inatosha, ziko nyumba tele hazina valvu kabisa na zimesimama. Na hapo alisema kweli, ziko. Kaka alimtazama dada yake kama mtu aliyeshinda kesi. Ni wazi mwanamke mwingine angelegeza uzi hapo, na pengine hakuna baya ambalo lingetokea, na leo tungekuwa hatuna cha kusimulia. Huyu akatoa mpini mfukoni, akamnyooshea Chapuchapu.

"Kilichoziba jana kinaweza kuziba leo jioni. Lakini chukua, washa. Sharti langu moja: ukishawasha ukae hapa hapa, mgongo kwenye boila, mpaka maji yachemke. Mimi nitakuletea kiti."

Chapuchapu aliutazama mpini, akalitazama lile tumbo la chuma, akaitazama valvu iliyonyamaza. Akakumbuka kuna mteja anamsubiri na sinki linalomwaga. Akaomba radhi kwa kaka, akapanda ngazi mbili mbili.

Ndipo Mama Valvu akageukia jikoni. Jiko la kupikia lilikuwa na moto wake lenyewe, wala halina uhusiano na boila. Alivuta kitanda cha mgeni mpaka kule, akakigongesha mlangoni mara mbili, akakiweka mbali na cheche na karibu na joto. Akaziba upenyo wa mlango kwa taulo, akaacha dirisha moja wazi kidogo moshi upate njia. Akachemsha maji, akajaza chupa, akazifunika kwa sweta kuukuu ili zisimuunguze mtu. Mama yake alikaa kwenye kigoda chake akimfuata kwa masikio, akanung'unika kwamba tangu mwiko wake mzuri upotezwe na watu fulani nyumba hii haina mpangilio. Mwiko huo ulikuwa umepotea tangu msimu uliopita, na mtu fulani alikuwa Mama Valvu, ambaye hakujua upo wapi na alikuwa amechoka kuapa.

Mtoto aliletwa alasiri, amefungwa blanketi akabaki pua. Mama yake aliingia sebuleni, akaona mapazia mapya, akahisi baridi, akaongozwa jikoni. Alisimama mlangoni.

"Shangazi, mwanangu atalala jikoni?"

"Usiku mmoja tu, mwanangu. Kesho atalala mnakotaka."

Binti hakubisha, alikuwa amechoka, lakini machozi yalimtoka, na shangazi yake aliyaona. Yale machozi yalimchoma kuliko sanduku lililo barazani. Sasa aliogopa waziwazi. Je, mtoto huyu akikohoa usiku? Angekuwa ni yeye aliyemkohoza, na hakuna valvu duniani ambayo ingemtetea. Akaweka mkono kwenye nyayo za mtoto, zilikuwa na joto. Dakika chache baadaye akauweka tena. Mpini ulikuwa unamgonga paja kila akiinama, na hakuutoa.

Wakwe walifika jua likizama, mume na mke, watu wa makamo wenye adabu nyingi. Walilizunguka sanduku barazani, wakasoma jina. Wakaambiwa na bibi kwamba nyumba hii haivuji. Wakapitishwa sebule yenye mapazia mapya na kupelekwa jikoni, kaka akiwatangulia uso umemwiva kwa aibu. Baba mkwe alibaki na koti lake. Mtoto alishikwa, akasifiwa, akarudishwa kwa bibi yake mzaa babu, aliyempakata kwenye kigoda. Kaka alilitazama koti la mkwe, akashindwa kuvumilia.

Akawaomba wakwe radhi kwa kupokelewa penye masufuria. Akasema, huku akitabasamu, kwamba dada yake huyu alikuwa na ndoa ikamshinda, na sasa ameamua kuwashinda wao. Lakini kesho atakuwa amehama, na mtoto atapata chumba kama watoto wa watu.

Mama Valvu alikuwa amesimama kando ya jiko. Alingoja kaka amalize. Kisha akatoa kile kigingi mfuko wa pili, akakiweka mezani katikati ya vikombe.

"Wakwe zangu, samahanini kwa baridi. Hiki kilikuwa kimepigiliwa kwenye valvu ya boila. Ningewasha leo, ningekuwa nimewakaribisha juu ya bomu. Mimi ndoa ilinishinda, kweli, sikatai. Lakini aliyekipiga hiki ni huyu mwenye nyumba, na ndiye anayenifukuza kwa kukichomoa."

Kaka akatazama kikombe chake. Dada alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, ameshapanga hata maneno yake, na huo unyamavu ukamtatiza. Kaka yake hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Lete hapa," mama akasema.

Akapewa kigingi. Mkono mmoja ukiwa umemshika mtoto, wa pili ulikipapasa kigingi kwa kidole gumba, ncha mpaka kitako.

"Huu mwiko wangu," akasema. "Nilikichonga mimi."

Mama akaeleza bila kupandisha wala kushusha sauti. Siku ile alikuwa peke yake nyumbani. Alisikia tone kule chini. Alimwita mtu, hakuna mtu. Akashuka ngazi kwa kushikilia ukuta, akalitafuta kwa mkono mpaka akalipata, linadondoka ubavuni mwa boila. Kitambaa hakikushika. Akarudi juu, akavunja mwiko, akachonga mpini wake kwa kisu cha jikoni, akashuka tena akaugongea, akaufunga kwa kipande cha mpira. Mwanawe wa kiume alikuja kukiona kigingi baadaye, akamuuliza. Yeye akamwambia asimwambie dada yake, maana dada yake angempigia kelele kwa kushuka ngazi na macho haya. Naye kaka alikuwa ameahidi.

Mama Valvu alimtazama kaka yake. Alikuwa bado anaangalia kikombe.

"Kaka, nimekusingizia mbele za watu," akasema. Kaka akainua bega moja, likashuka.

"Ningefanya nini?" mama akauliza, na sasa sauti yake ilikuwa na makali. "Ningeacha livuje?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kumkatalia kaka ni jambo moja. Mama yule hakuwahi kukatazwa kuziba tone na mtu yeyote, si mume wake, si watoto wake, na ilikuwa rahisi sana kusema, hapana mama, hukujua, basi yaishe. Baba mkwe alishaanza kutafuta kofia yake. Mama Valvu akamgeukia mama yake.

"Ndiyo, mama. Ungeacha livuje."

"Katika nyumba yangu."

"Katika nyumba yako. Lile halikuwa ufa. Boila lilikuwa linatuita, na sisi tukaliziba mdomo. Ukisikia tena linadondosha, usiguse, niite mimi. Na mimi nisipokuwepo katika nyumba hii, usikubali mtu awashe."

Mama alimpigapiga mtoto mgongoni polepole. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, kama lile kovu la kaka yake, Mjomba, lilitokana na jambo kama hili.

"Sijui, mama. Hakuniambia, wala mimi sikumuuliza. Ninachojua ni kwamba hakuwasha boila hata moja ambalo valvu yake haijatema."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akakinyoosha kigingi upande wa jiko, na bintiye akakipokea akakitia motoni pamoja na kuni nyingine. Mama mkwe, ambaye jioni yote alikuwa amekaa ncha ya kiti, akavua viatu, akasema kwamba kama ni hivyo basi wasogee karibu, maana jikoni ndiko kwenye joto. Baba mkwe akavua koti. Walikuwa wamekuja kukaa kidogo. Waliondoka mtoto ameshanyonya mara mbili. Sanduku lilibaki barazani. Hakuna aliyelitaja, na Mama Valvu hakuligusa.

Asubuhi alipoamka kaka hakuwepo. Mtoto alikuwa amelala vizuri, nyayo zina joto, pua haina makamasi. Kaka alirudi amelowa, akatoa chini ya koti kifurushi cha karatasi, akakiweka mezani. Alikuwa ameusubiri mzigo mlangoni mwa duka kabla halijafunguliwa. Ndani ya karatasi mlikuwa na valvu mpya ya shaba.

Dada alishuka akaifunga, akajaza maji, akatoa hewa kwenye rejeta moja baada ya nyingine kuanzia za chini. Alipokuwa tayari alisikia kitu kwenye ngazi. Mama alikuwa anateremka, mkono ukutani, kaka nyuma yake amemshika kiwiko. Mama akasema anataka kuonyeshwa. Bintiye akauchukua mkono wake, akauweka juu ya kishikio kidogo, akamwambia anyanyue.

Mama akanyanyua. Valvu ikatema. Maji yalimwagika kwenye sakafu aliyoisugua kila mwezi miaka yote, yakarukia ndala zake, yakaloanisha upindo wa nguo. Mama alishtuka, mkono ukaachia, na kwa mazoea ukaanza kutafuta kitambaa. Ukakoma. Alisimama kwenye maji akisikiliza matone ya mwisho yakidondoka, moja, kisha jingine, wala hakuyaziba.

"Tena," akasema, na akanyanyua mwenyewe.

Baada ya hapo kaka alipanga kuni ndani ya boila, akazisogeza sawa, akanyoosha kiganja kuelekea kwa dada yake. Akamwomba mpini, afunge mlango, awashe, mtoto apate chumba chake.

Mama Valvu hakuutoa.

"Nitaufunga mwenyewe na nitauchomoa mwenyewe, msimu huu na mingine. Mpini huu unakaa kwangu. Kama mimi nakaa."

Kaka alifuta mikono kwenye suruali. Alimtazama mama yao, aliyekuwa amesimama na ndala zilizolowa, asimsaidie hata kwa kukohoa.

"Unakaa," akasema. "Kalichukue sanduku lako, mvua inalinyeshea."

"Ulilitoa wewe, kaka. Lirudishe wewe."

Kisha hatua za kaka zikasikika zikipanda, zikapita sebuleni, mlango wa barazani ukafunguliwa. Alirudi nalo polepole, limemwelemea kifuani, herufi nyekundu zimemgusa kidevu, akapumzika mara moja kwenye kiti kilichopigwa rangi, akaendelea. Mama Valvu alisubiri mpaka aliposikia limetua kwenye sakafu ya chumba chake. Ndipo akauchomeka mpini, akagonga pini, akawasha.